Baiskeli Mgongoni mwa Prado

Simama kando ya hoteli za nyama choma pale Kikopey Jumamosi asubuhi, uso umeelekea Gilgil, uhesabu magari yanayotoka Nairobi. Kati ya malori ya makontena yanayokwenda Malaba na matatu za Nakuru, hutakosa Prado, Pajero au Land Cruiser iliyobeba baiskeli mbili tatu mgongoni, magurudumu yakizunguka yenyewe kwa upepo. Zamani baiskeli iliyoonekana juu ya gari katika barabara hii ilikuwa imelazwa kwenye keria ya basi, imebanwa na magunia ya viazi na matenga ya kuku, na mwenyewe alikuwa ndani akienda nyumbani. Aliipeleka kufanya kazi. Hizi za leo zinapelekwa kutembea, na jioni zitarudishwa Nairobi zilivyokuja, zimeongezewa vumbi tu.

Si jambo la kudharau. Ukilifuata swali hili dogo la namna ya kubeba baiskeli nyuma ya gari, utajikuta umegusa bawaba za milango, vumbi la Bonde la Ufa, sheria ya namba za magari, na hatimaye barabara yenyewe. Maana la kwanza la kuuliza ni hili: kwa nini chombo kilichoundwa kumbeba mtu kibebwe kilomita 130 kabla ya kupandwa?

Jibu la haraka ni umbali, lakini umbali pekee hautoshi. Mwendesha baiskeli aliyefanya mazoezi humaliza kilomita 130 kwa siku moja na bado akabaki na nguvu ya kula mbuzi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara 4, alilelewa katika mchezo huu na David Kinjah, ambaye nyumba yake ya Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, imekuwa shule ya vijana wengi. Wale hawakuhitaji gari la kuwafikisha mazoezini. Mazoezi yalianzia mlangoni. Anayefunga baiskeli kwenye Prado leo hakosi miguu. Anachoogopa ni barabara.

Barabara yenyewe ni ile iliyozoeleka kwa jina la A104, ambayo siku hizi ramani huiita A8. Kutoka Rironi hadi Mau Summit imekuwa kwa miaka mingi njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, yenye sehemu za kupishana hapa na pale, huku ikibeba sehemu kubwa ya mizigo ya bandari ya Mombasa inayoelekea Uganda, Rwanda na Congo mashariki. Lori likitaka kulipita lori lenzake mlimani, na basi nalo likataka kuyapita yote mawili, mtu wa baiskeli hana lake. Hushuka kwenye changarawe ya ukingoni, na mara nyingi lami imemeguka ikaacha kidato cha kina cha kiganja. Barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa ukutani mwa bonde na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ina kona na malori mengi zaidi, na ukingo mwembamba zaidi. Kwa hiyo keria ya baiskeli ni kivuko. Inamvusha mwenye baiskeli juu ya kipande kinachoweza kumuua, ikamtua penye njia za vumbi.

Na penye njia za vumbi ni hapa hasa. Kutoka Kikopey ardhi inateremka kuelekea Ziwa Elementaita, ambalo pamoja na Bogoria na Nakuru liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kuna njia za kwenda Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey aligundua mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920; kuna mzunguko wa hifadhi ya Soysambu; kuna mlima Eburru wenye mvuke unaotoka ardhini. Nyuma kidogo, Naivasha, kuna Hell's Gate, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1984 na mojawapo ya chache nchini zinazomruhusu mtu kupita kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mbele yake, Nakuru, mashindano ya Cycle with the Rhino yamewahi kuwaingiza waendesha baiskeli ndani ya hifadhi ya vifaru. Katika eneo lote hili, baiskeli inafaa kuliko gari. Shida ni kuifikisha.

Njia za kuifikisha si nyingi. Ya juu ya paa ndiyo kongwe, na ndiyo inayotumiwa na magari ya timu za mashindano Ulaya kwa sababu fundi anaweza kuruka nje na kuishusha baiskeli kwa sekunde chache. Kwa gari refu la Kenya ni wazo baya. Prado ina urefu wa karibu mita 1.9 kutoka chini hadi paani. Ongeza baiskeli iliyosimama na unakaribia mita 3. Matawi ya migunga ya Eburru hayakujui, wala lango la maegesho ya chini ya jengo la Nairobi halikujui. Ongeza upepo unaokula mafuta, na kazi ya kuinyanyua baiskeli ya kilo 15 juu ya kichwa ukiwa umechoka. Tusikae hapo.

Inayofuata ni ile ya mikanda, inayoegeshwa kwenye mlango wa nyuma kwa ndoano na kukazwa. Ni ya bei nafuu, inakunjika, inaingia kwenye gari lolote. Kwa safari fupi ya kwenda msitu wa Karura, pale pale Nairobi, inatosha. Kwa barabara ya Kikopey yenye matuta kila penye soko, mikanda hulegea kidogo kidogo bila dereva kujua, na ndoano zinakwaruza rangi ya mlango kila gari linapodunda. Nimeona watu wakiongezea kamba za blada, zile za mpira wa tairi kuukuu ambazo boda boda hufungia kreti za soda. Blada ni nzuri kwa kuzuia kitu kisirukeruke, lakini haifai kuwa ndiyo inayobeba uzito. Ni mpira, inavutika, na jua la Gilgil linaupasua.

Kisha kuna keria inayofungwa kwenye gurudumu la akiba, na hapa lazima tukae kidogo kwa sababu ndiyo inayopendwa na wenye magari haya, na ndiyo inayowaponza.

Inavutia kwa sura. Prado za zamani, Pajero, Escudo, Jimny na RAV4 za mwanzo zilibeba spea kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo mtu hudhani watengenezaji wamekwisha kumwekea mahali pa kutundika baiskeli. Ukweli ni kwamba wamemwekea mahali pa kutundika gurudumu. Mlango ule unafunguka kwa ubavu, na uzito wake wote unaning'inia kwenye bawaba mbili. Gurudumu la Prado peke yake lina kilo 30 au zaidi. Ongeza keria ya chuma na baiskeli mbili za milimani na umefikisha karibu kilo 40 zaidi, tena zimekaa nusu mita nje ya mlango, ambako zinavuta kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya tawi. Gari likipanda tuta kwa kasi, uzito huo huongezeka kwa nukta ya wakati mara mbili au tatu. Bawaba haivunjiki siku ya kwanza. Inachakaa, mlango unashuka milimita chache, kitasa kinaanza kukataa, vumbi linaingia ndani kupitia mpira wa mlango ambao haubani tena, na mwenye gari analaumu mpira.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Fungua mlango wa nyuma ukiwa na spea tu, ushike ncha yake ya mbali kwa mikono miwili, uinue juu na kuiteremsha. Ukisikia mchezo, hata kidogo tu, bawaba hizo zimeanza kwenda na hazistahili kuongezewa baiskeli. Magari mengi tunayoendesha yameingia nchini kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, kisha yakala miaka kumi na mitano ya barabara zetu. Mlango uliopita mtihani ukiwa mpya kule Yokohama si mlango huu. Watengenezaji wa keria za aina hii wenyewe kwa kawaida huweka kikomo cha baiskeli 2. Anayepachika 4 ameshaamua kununua mlango.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari madogo husahau. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa kati ya sentimita 170 na 180. Prado ina upana wa karibu sentimita 188, kwa hiyo baiskeli inajificha nyuma yake. Jimny mpya ina sentimita 164.5 tu. Gurudumu litachomoza upande mmoja au pande zote mbili, na katika barabara ambayo matatu hupita zikikugusa kioo, kuchomoza huko ni kualika. Dawa ni kutoa gurudumu la mbele na kuliweka ndani ya gari. Watu wanaona uvivu.

Iliyo bora kati ya zinazokaa nyuma ni keria inayosimama kwenye chuma cha kuvutia trela. Uzito hauko mlangoni tena. Umeshuka kwenye chesisi. Baiskeli zinakaa chini, kiunoni mwa mtu, zinapakiwa bila kuumiza mgongo, na zimejikinga na upepo. Thule, kampuni ya Sweden iliyoanzishwa mwaka 1942, imejijengea jina kwa vitu kama hivi, na bei zake zinajulikana kuwa za kumfanya mtu akohoe. Ndipo mafundi wa jua kali wanapoingia. Nakuru hakukosi fundi atakayekuchomelea keria ya vyuma vya mraba kwa siku moja, na nyingi ni imara kuliko za dukani. Lakini tazama mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, chuma cha trela chenyewe kimefungwa wapi? Kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Kilichochomelewa kwenye bampa kitang'oka nayo. La pili, kuna kikomo cha uzito unaoruhusiwa kukandamiza kichwa cha chuma hicho, mara nyingi kati ya kilo 75 na 150 kwa magari ya kawaida. Kitafute kwenye kitabu cha gari. Keria nzito ya jua kali inaweza kula nusu ya kikomo kabla hujaweka baiskeli hata moja.

Hata hii ina ubaya wake, na ubaya huo unaonekana ukiacha lami. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne linasifiwa kwa kupanda na kushuka makorongo bila kugusa mkia. Ukiongeza keria chini ya bampa umeurefusha mkia huo. Ukiteremka kwenye korongo mojawapo la upande wa ziwa wakati wa mvua, mkia unachota udongo kabla magurudumu ya nyuma hayajafika chini. Nimeona chuma kilichopinda kwa namna hiyo na baiskeli zikiwa juu yake. Anayejua eneo huziacha baiskeli zishuke mwanzo wa njia mbaya, akazipanda, na gari likafuata tupu. Baada ya yote, si ndilo lililomleta?

Imebaki njia moja, pikapu. Wakulima wa Gilgil na Ol Kalou wanazo na hawajawahi kusoma chochote kuhusu keria. Hilux yenye godoro kuukuu lililokunjwa juu ya ukingo wa nyuma, magurudumu ya mbele yakining'inia nje na fremu zikilala juu ya godoro, kamba moja kwa kila baiskeli. Inabeba 5 bila jasho, hakuna bawaba inayolia, na bamba la namba linaonekana ukikumbuka kutolifunika. Kama unakwenda na wenzako na mmoja wenu ana pikapu, mjadala wote huu umekwisha.

Kuna adui wa nyuma ambaye hana uhusiano na chuma, nalo ni vumbi. Gari lenye mgongo wa mraba likikimbia kwenye changarawe huacha nyuma yake hewa inayojizungusha na kuvuta vumbi kwenda juu, moja kwa moja kwenye baiskeli. Vumbi la huku ni la majivu ya volkeno, na karibu na machimbo ya Kariandusi ni lile jeupe la diatomaiti, laini kama unga wa ngano na kali kama msasa likichanganyika na mafuta ya cheni. Mtu anafika Elementaita giya zikiwa zimejaa uji wa kijivu kabla hajapiga pedeli hata moja. Usiipake cheni mafuta asubuhi ya safari. Ibebe kavu, uipake ukifika. Funika giya na kiti kwa mfuko uliofungwa vizuri. Na kabla ya kuondoka tazama bomba la moshi linaelekea wapi. Tairi la baiskeli likikaa sentimita chache mbele yake kutoka Nairobi hadi Naivasha, litafika limelainika na kuvimba ubavuni, na utamlaumu aliyekuuzia.

Tuje kwenye sheria, maana hapa kuna shimo. Baiskeli tatu nyuma ya gari hufunika bamba la namba, na mara nyingi hufunika taa za breki na indiketa. Sheria ya Trafiki inataka bamba liwekwe kwa namna iliyoagizwa na lisomeke. Katika orodha ya faini za papo kwa papo iliyotangazwa mwaka 2016, gari lisilo na bamba, au lenye bamba lisilowekwa inavyotakiwa, lina faini ya shilingi 10,000. Ni faini ya juu kabisa katika orodha hiyo, na ni haki, kwa sababu gari lisilo na namba likimgonga mtu na kukimbia halipatikani.

Nchi nyingine zimelifikiria. Uingereza dereva huongeza bamba la pili kwenye keria. Ujerumani keria huja na kibao chenye taa zake na nafasi ya namba. Italia na Hispania zinataka ubao wa mistari myekundu na myeupe kuonyesha kuwa kuna mzigo unaochomoza. Kwetu bamba hutolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na tangu yale mapya yenye alama za usalama yalipozinduliwa Agosti 2022, kujichongea la ziada kwa fundi wa vibao ni kujitafutia kesi ya kughushi. Kwa hiyo mwenye keria amekaa kati. Akifunika namba amekosea. Akijitengenezea nyingine amekosea zaidi. Kinachobaki ni kuinua keria juu ya bamba, jambo linalowezekana kwenye magari ambayo bamba liko kwenye bampa, au kulihamishia bamba lile lile nje ya keria kwa safari hiyo, likifungwa imara na kumulikwa. Taa ni rahisi zaidi: kibao chenye taa mbili na waya unaochomekwa kwenye soketi ya trela. Fundi wa umeme wa magari hukimaliza kabla chai haijapoa. Ajabu ni wangapi hawana. Gari linalofunga breki ghafla kabla ya tuta la Kikopey, usiku, taa zake zimefunikwa na baiskeli, nyuma yake kuna lori la tani 28. Sihitaji kuendelea.

Kikopey yenyewe ina kazi katika safari hii, na si ya mbuzi peke yake. Ukitoka Nairobi, hapa ndipo lami na matuta vimekwisha kuitikisa mizigo yako ikaonyesha tabia yake, na bado hujaingia kwenye vumbi. Zunguka gari kabla hujaitika wale vijana wanaokupungia visu na kukuita bosi. Shika kila baiskeli uitikise. Mkanda uliokuwa mgumu kama waya saa mbili zilizopita utaukuta unakunjika kwa kidole kimoja. Angalia pale pedeli ya baiskeli ya ndani inapogusa mlango: mara nyingi utakuta doa jeupe limekwisha kula rangi. Igeuze, au iondoe kwa spana.

Halafu egesha mgongo wa gari uelekee meza yako. Nyama huchukua muda, na baiskeli ya bei ya pikipiki ikining'inia nje kwa mikanda ya plastiki haihitaji mwizi hodari, inahitaji kisu tu, na Kikopey visu havipungui. Walinzi wa maegesho ni waaminifu kwa jumla, ila wanalinda magari thelathini kwa macho mawili. Mnyororo mmoja mnene unaopita kwenye fremu zote na kufungwa kwenye chuma cha trela, si kwenye keria inayofunguka kwa skrubu nne, unatosha kumfanya mwizi aende meza nyingine.

Haya yote ni mashauri kwa mwenye Prado, na hapo ndipo ninapoona mjadala unapotupotezea kitu. Kwa kila baiskeli inayopita Kikopey mgongoni mwa gari, kuna nyingine inayopita chini, kwenye kile kidato cha lami, imebeba mitungi ya maziwa au gunia la makaa. Ni ile nyeusi nzito tuliyoizoea kwa jina la Black Mamba, na mwenyewe hana gari la kuipakia wala sababu ya kuipakia, kwa kuwa anakwenda Gilgil tu. Keria imemtatulia shida mtu mmoja na kumwacha mwingine pale pale alipo. Tena imefanya jambo baya zaidi: imewaondoa barabarani waendesha baiskeli ambao sauti yao ingesikika. Daktari na wakili wakiwa wamefunga baiskeli zao kwenye gari, nani atalalamika kuhusu ukingo?

Novemba 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit kuwa ya njia pacha na ya kulipiwa, baada ya mkataba wa mwaka 2020 na kampuni za Ufaransa kuvunjwa. Njia pacha itapunguza ajali za uso kwa uso, na hilo ni jema kabisa. Lakini pia itaongeza kasi, na barabara ya kasi isiyo na njia ya baiskeli iliyotengwa ni mbaya kwa muuza maziwa kuliko hii ya sasa, ambayo angalau foleni ya malori humpa nafasi ya kupumua. Njia ya upana wa mita 2 upande wa nje wa mtaro, kutoka Gilgil kupita Kikopey hadi Elementaita, ingegharimu sehemu ndogo sana ya mradi ikijengwa sasa, wakati tingatinga ziko kazini. Ikisubiri miaka kumi itahitaji fidia, vibanda kubomolewa na kesi mahakamani.

Kwa hiyo wewe unayefunga baiskeli yako Ijumaa usiku: weka keria kwenye chuma cha trela, namba ionekane, taa ziwake. Na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, wakiita mkutano wa wananchi Gilgil kuhusu barabara hii, nenda, ukae karibu na muuza maziwa, na muombe njia hiyo pamoja.